Kuhariri elimu ya manahodha isigeuke ngano

SWALI: Salamu aleikum, mwalimu. Mimi ni mhariri wa jarida dogo hapa Lamu, linasomwa na watu wa kila namna, kuanzia wanafunzi hadi akina mama wa sokoni. Kijana wa hapa hapa amemaliza shahada ya uzamili. Tasnifu yake inahusu hesabu ya Mwaka (Nairuzi, siku inayofungua mwaka wa pwani) na miongo (mafungu ya siku kumi kumi) wanayotumia wavuvi na manahodha. Ametupa sura moja, maneno elfu nane, nami nimeikata hadi 1,200. Pale alipoandika, "Nahodha mstaafu wa Matondoni huhesabu siku tangu Mwaka, hulinganisha hesabu hiyo na umri wa mwezi na mwelekeo wa upepo, na katika mwongo wa ishirini hutarajia bahari ya nje itulie na samaki wasogee," mimi nimeweka, "Wazee wa Lamu wanaamini kwamba mwongo wa ishirini huleta samaki wengi." Mwandishi anasema makala si yake tena. Mzee mwenyewe aliposomewa alinyamaza kimya. Sijatia uongo wowote. Nimekosea wapi, na nirekebishe vipi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Sentensi ya mwandishi ina maneno 32, yako ina 11. Umeokoa maneno 21, na katika hayo 21 ndimo alimokuwa yule mzee. Tuichambue sentensi yako neno kwa neno, kwa sababu makosa yaliyomo ndiyo yanayojirudia katika karibu kila makala inayochukua elimu ya wenyeji kuipeleka kwa msomaji wa kawaida.

Anza na "wanaamini". Neno hili ndilo lililomnyamazisha mzee. Katika sentensi ya mwandishi nahodha anafanya kazi tatu: anahesabu, analinganisha, anatarajia. Hizo ni kazi za akili, na kila moja inaweza kukaguliwa: umehesabu kuanzia wapi, umelinganisha na nini, ulitarajia nini na ikawaje? Wewe umezifuta zote tatu ukaweka imani, na imani haiulizwi maswali hayo.

Chukua makala yote uipitie kwa kalamu mbili. Kwa nyekundu zungushia kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni mzee, mvuvi, fundi au mganga. Kwa bluu zungushia vitenzi vya mtafiti, chuo na wizara. Mara nyingi upande mwekundu utakuta wanaamini, wanadai, husimulia, inasemekana. Upande wa bluu amegundua, amepima, amethibitisha, ameonyesha. Makala ya hivyo haihitaji uongo hata mmoja ili imdhulumu mtu. Dawa yake si kubadilisha kila "wanaamini" kuwa "wanajua", maana huko ni kupendelea tu. Rudisha kitenzi cha tendo lenyewe: amehesabu, ametazama, amepokea kwa babake, amekumbuka, amejaribu akaacha. Neno "imani" libaki pale ambapo mzee mwenyewe amesema "twaamini".

Na methali uzisome kwa jicho hilo hilo. Wapwani husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mhariri mwenye haraka huiweka chini ya kichwa "Imani za wakulima". Lakini kile kikundi cha nyota kweli hupotea katika mwanga wa jua kwa majuma kadhaa karibu na mwezi wa Mei, wakati masika yako juu ya pwani. Methali hiyo ni muhtasari wa kutazama mbingu kwa miaka mingi, umefungwa katika maneno machache ili usisahaulike. Mweleze msomaji hivyo.

Sasa "wazee wa Lamu". Mwandishi alikuwa na mtu mmoja, wa kazi moja, wa kijiji kimoja. Wewe umemgeuza Lamu nzima. Hapo umepoteza mambo mawili. Kwanza, msomaji wa Faza au Kizingitini ambaye kwao huhesabiwa vingine atasema jarida limekosea, na atakuwa na haki. Pili, umemwondolea mzee sifa ya kuwa mjuzi, kwa sababu linalojulikana na kila mzee halina bingwa wake. Andika nahodha wa Matondoni. Ukiwa na wajuzi watatu wasiokubaliana, waache wasikubaliane mbele ya msomaji. Wataalamu wa vyuoni hutofautiana kila siku na hatuwaiti waliochanganyikiwa.

Jina lake liwepo, akiridhia, na liandamane na mambo manne: kazi yake, anakokaa, alijifunza kwa nani, na mazungumzo yalifanyika lini. Hilo la tatu usilikate hata nafasi ikibana. Pwani hii ina desturi ya zamani ya kutaja silsila: fulani amepokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Wanavyuoni wa Lamu hawakubali elimu isiyo na mlolongo, na fundi wa jahazi vile vile atakwambia ni nani aliyemshikisha tezo. Basi mlolongo huo ndio rejeo lako. Huko Kanada, Lorisia MacLeod, mkutubi wa jamii ya Wacree, alichapisha mwaka 2021 violezo vya kuwataja wazee wajuzi kwa hadhi ile ile wanayopewa waandishi wa vitabu, kwa sababu mitindo ya vyuo ilikuwa ikiyaweka maneno yao pamoja na barua na simu za binafsi. Sisi hatuhitaji kuazima kiolezo. Tunacho, tukitumie.

Tuje kwenye "mwongo wa ishirini", na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa pana kosa ambalo si la adabu bali la ukweli, na linaweza kumpeleka mtu baharini siku isiyofaa.

Mwaka huu unaozungumziwa una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za mwisho. Sasa "mwongo wa ishirini" ni upi? Ukihesabu miongo kwa mpangilio, wa ishirini huanza siku ya 191 na kumalizika siku ya 200. Lakini mwongo pia huitwa kwa idadi ya siku unapofikia, yaani wa kumi, wa ishirini, wa thalathini na kuendelea hadi wa mia na zaidi; kwa hesabu hiyo, wa ishirini ni siku ya 11 hadi ya 20. Tofauti yake ni siku 180. Tuseme Mwaka umeangukia tarehe 25 Julai. Kwa hesabu moja mwongo huo ni tarehe 31 Januari hadi 9 Februari, majira ya upepo wa kaskazi. Kwa nyingine ni tarehe 4 hadi 13 Agosti, upepo wa kusi ungali mkali na vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba. Kwa kuwa mwandishi ametaja bahari ya nje kutulia, utashawishika kusema ni Februari na kuendelea. Usiendelee. Andika swali pembeni mwa rasimu: "Je, ishirini hii ni ya miongo au ya siku?" Mwandishi akamuulize mzee, na jibu liingie ndani ya makala kwa nusu sentensi.

Lipo la pili hapo hapo. Mwaka wa siku 365 hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo ukilinganishwa na kalenda ya ukutani, siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Katika miaka 40 imeshateleza mwongo mzima. Mzee aliyefundishwa utotoni kwamba mwongo fulani ni wa jambo fulani, kisha akafika umri wa miaka 80, ameshuhudia mteremko wa siku karibu ishirini. Amerekebisha? Hurekebisha kwa mwezi, kwa nyota, kwa upepo? Hilo ndilo swali zuri kuliko yote katika sura ile, na huenda mwandishi analo jibu katika daftari zake ila hakulipa uzito. Mhariri mwema ndiye anayelichimbua. Na kwa sababu hiyo hiyo, usichapishe jedwali la kudumu la miongo na tarehe. Ukiweka tarehe, taja ni za mwaka gani.

Madhali tuko kwenye hesabu za wakati, pitia pia haya. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mhariri akiandika "Ijumaa usiku" amemsogeza mtu saa 24. Mwaka wa Hijria ulio kwenye hati mara nyingi huangukia miaka miwili ya Miladia: 1275 ni 1858 hadi 1859, basi andika zote mbili isipokuwa mwezi unajulikana. Na mwezi wa tatu katika mdomo wa mvuvi unaweza kuwa Machi, au mwezi wa tatu wa Hijria, au mwezi wa siku tatu angani. Uliza.

"Huleta" nayo ni mbaya kuliko inavyoonekana. Nahodha hakusema mwongo unaleta samaki. Amesema bahari hutulia na samaki husogea katika wakati ambao hesabu yake humwonyesha. Hesabu ni saa ya ukutani. Saa haileti adhuhuri. Ukiandika "huleta" umempa mzee uchawi ambao hakuudai, kisha msomaji msomi atamcheka kwa kosa lako. Na "samaki wengi": samaki gani, kwa mtego gani, ndani ya mlango wa bahari au nje? Kama mwandishi ana jina la samaki, liweke hilo jina.

Sasa namna ya kukata. Umekosea kwa kupunguza kila aya kidogo kidogo, kama anayepunguza chumvi. Maneno elfu nane hayakatwi hivyo. Makala ya maneno 1,200 hubeba swali moja, mjuzi mmoja au wawili, na mfano mmoja unaofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Katika sura ile ondoa kabisa mapitio ya maandishi, nadharia, na historia ya Nairuzi tangu Uajemi. Yahifadhi kwa makala nyingine. Baki na: nahodha huyu anaamuaje siku ya kutoka? Maneno 150 ya kwanza yamwonyeshe akifanya hesabu hiyo, siku moja, kwa vidole au kwa shanga au kwa alama ukutani, kama alivyoonekana. Mia tano zifuatazo zieleze hesabu yenyewe kwa ukamilifu, bila haraka. Mia tatu kwa kule inakokwama: mteremko wa Mwaka, kusi kuchelewa, vijana kutumia programu za simu zinazoonyesha upepo. Zinazobaki ziende kwa mwandishi na namna alivyofanya utafiti, maana msomaji ana haki ya kujua walizungumza mara ngapi na wapi.

Istilahi mpya zisizidi tano au sita, na kila moja ifafanuliwe pale inapotokea mara ya kwanza, ndani ya sentensi. "Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu" inatosha. Baada ya hapo sema bamvua tu. Usimfafanulie msomaji wa Lamu anayoyajua, na usibadilishe neno la kazi kuwa la jumla. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo ni madaraja ya unene wa mikoko iliyokatwa. Mhariri akiandika "miti midogo na mikubwa" amefuta mizani nzima ya biashara.

Maneno kama "kienyeji", "ya jadi", "ya kale" yatumie kwa uchache. "Kienyeji" hasa, siku hizi limekuwa neno la kuku na dawa zisizo na kipimo. Sema elimu ya manahodha wa Lamu, elimu ya Waaweer ya kutafuta asali, elimu ya mafundi wa Matondoni. Na jamii iitwe kwa jina inalojiita: Waaweer, si Waboni, kama wenyewe wamesema hivyo, Mijikenda, kamwe si Wanyika hata kama kitabu cha mkoloni kinachonukuliwa kimeandika hivyo. Nyakati za vitenzi nazo zina hila yake. Mwandishi ameandika "huhesabu". Wahariri wengi hugeuza "walikuwa wakihesabu" kwa kudhani kinaleta ladha ya historia, na mzee aliye hai anajikuta amezikwa.

Nukuu za Kiamu, lahaja ya Lamu, zisisanifishwe. Mzee akisema nti, ndia, moya, kuya (nchi, njia, moja, kuja), ndivyo alivyosema. Weka maana kwenye mabano mara moja ukiona msomaji wa bara atakwama. Zima kirekebishi cha tahajia cha kompyuta kabla ya kufungua faili, kwani chenyewe hubadilisha bila kukuuliza. Katika ubeti hasara ni kubwa zaidi. Utendi una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vinafuata kina kimoja. Kipande kikiishia "mato", kikapatana vina na "uzito" na "majuto", ukaandika "macho", ubeti umekufa na mtunzi ameonekana hajui kutunga.

Kumsomea mzee ulifanya, na umefanya vyema, ila ulichelewa. Kusoma kuwe mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya kupamba lugha, ukiwa na mambo makavu tu: nani, hesabu gani, kwa mpangilio upi. Mara ya pili ni baada ya kuhariri, kabla ya kupanga kurasa. Soma kwa sauti, kwa lahaja yake, yeye na mwandishi wakiwepo, usimwachie karatasi. Mweleze wazi anakagua nini: maneno yake na elimu yake. Yale waliyosema wengine, na hukumu ya jarida kuhusu idara au mradi fulani, hayamo. Hapo waandishi wa habari huogopa kwamba wameuza uhuru wao. Hofu hiyo ina msingi kwa mwanasiasa, ambaye atataka kufuta aliyoyasema. Mjuzi anayesahihisha idadi ya siku hafuti kitu, anakuokoa. Akinyamaza, usichukue kimya kuwa ni ndiyo. Uliza, "Ni lipi hapa usingelisema hivi?"

Kumheshimu mjuzi si kuacha kuhakiki. Hapo Malindi wageni huambiwa kwamba aliyemwongoza Vasco da Gama hadi India mwaka 1498 ni Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu. Waandishi wa Kireno wa enzi ile wanamtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat, na wanahistoria wengi leo hawakubali tena kwamba alikuwa Ibn Majid. Simulizi likiingia kwenye makala, lipitie mlango ule ule linaopitia takwimu ya wizara: nani kasema, kapokea wapi, lini, na kuna lingine linalosema vingine?

Kuna pia ambayo hukaguliwa, hukutwa ni kweli, na bado hayachapishwi. Mahali fingo, yaani kinga ya kaya, lilipozikwa katika kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda) ni mojawapo. Vipimo na michanganyiko ya dawa ni jingine: msomaji anaweza kujidhuru, na kampuni inaweza kuchukua. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka ridhaa ya jamii yenyewe, iliyotolewa baada ya kuelezwa, kabla ya mtu wa nje kuyatumia. Kwa hiyo ridhaa ya mzee mmoja haitoshi kwa jambo la kaya nzima, nenda kwa wazee wa kambi, yaani baraza la kaya.

Picha zinahitaji uangalifu wa namna hiyo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, alivyowasimikia ndugu zake. Viliibwa muda mfupi baadaye, vikaja kuonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, na ile picha ndiyo iliyothibitisha vilikotoka hadi familia ikarudishiwa mwaka 2007. Basi piga picha, andika jina la mwenyewe na tarehe, uhifadhi. Lakini katika kuchapisha, usitaje kitongoji wala njia ya kufikia. Picha za simu hubeba ndani yake alama za mahali zilipopigwa. Zifute kabla ya kupandisha mtandaoni, hasa picha ikitumwa kwako kama faili, maana hapo alama hubaki zote. Maelezo chini ya picha yawe na jina la mtu. "Mzee akitazama bahari" si maelezo.

Kichwa cha makala kiandikwe na mwandishi na wewe pamoja, si mpangaji wa kurasa saa ya mwisho. Maneno "siri", "maajabu" na "inayotoweka" yaepukeni. Kichwa kama "Nahodha wa Matondoni anavyohesabu siku ya kutoka" kinasema kilichomo.

Kwa sentensi yako, hii ndiyo ninayopendekeza, ikisubiri jibu la lile swali la pembeni: "Nahodha huyu wa Matondoni huhesabu siku tangu Mwaka, akazilinganisha na mwezi na upepo. Akifika siku ya 191 hutazamia bahari ya nje itulie." Maneno 22. Bado umeokoa 10. Mpelekee mwandishi kwanza, kisha nendeni pamoja kwa mzee jioni, baada ya alasiri, mkiwa na rasimu yote na kalamu, na muda wa kutosha wa yeye kuhesabu tena mbele yenu.